Kumfuata Mwana Kupona: Lamu, Pate, Siyu hadi Mombasa

Kabla ya kuondoka

Safari hii ya siku nane inafuata nyayo za Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa karne ya 19 aliyemwachia binti yake wasia kwa utendi. Ratiba yake hupangwa na bahari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata, saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku nzuri ya kwenda Pate ni ya nne au ya tano baada ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo au mpevu: maji hujaa saa moja au saa mbili asubuhi, na nahodha ana muda wa kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, kabla hapajakauka. Anayefika gatini saa nne siku ya mwezi mpevu atasubiri hadi alasiri.

Vitabu vya kubeba ni vichache. *Tendi* cha J. W. T. Allen, kilichotoka mwaka 1971, kina utendi wa Mwana Kupona pamoja na tendi nyingine. Chapa ya Alice Werner na William Hichens ya 1934 ni ngumu kuipata madukani, lakini maktaba za vyuo vikuu huwa nayo. Kwa Muyaka, malenga wa Mombasa, kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz cha 1979 kinatosha. Vifungeni ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwa kuwa mawimbi ya kusi huingia botini hata mkiambiwa bahari imetulia.

Siku ya kwanza: Lamu

Wanaotoka Mombasa kwa basi hupita Malindi na Garsen, hushuka Mokowe, kisha huvuka kwa boti. Wanaokuja kwa ndege hutua Manda, nao pia huvuka kwa boti. Mizigo ikishawekwa, mahali pa kuanzia ni ngome, katikati ya mji. Ujenzi wake ulianza baada ya vita vya Shela na ukakamilika mwaka 1821. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa msichana wa miaka kumi na ushei wakati huo. Inakadiriwa alizaliwa mwaka 1810, na mahali alipozaliwa amepataja mwenyewe mwishoni mwa utendi wake, ni Pate.

Mchana tulivu unafaa kwa kazi moja: kusoma ubeti wa kwanza kwa sauti hadi ukae sawa ulimini.

*Negema wangu binti*
*mchachefu hasanati*
*upulike wasiati*
*asa ukazingatia*

Kila mshororo una mizani 8. Mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina cha bahari, -ya au -a, kinachorudi mwisho wa kila ubeti hadi utendi uishe. Msomaji anayesoma kwa mazoea ya Kiswahili cha shuleni huteleza kwenye mshororo wa kwanza kabisa, maana akihesabu anapata 7. Inayosahauliwa ni *n* ya *binti*. Katika tungo za kaskazini, konsonanti iliyo peke yake ndani ya neno la Kiarabu huweza kubeba mizani yake: bi-n-ti. Ukiivuta kidogo, mshororo unatimia. Waliozoea kughani hawahesabu kwa vidole, kwa kuwa mahadhi yenyewe huwaonyesha palipopungua.

Jioni soma beti tatu zinazofuata. Mama anasema maradhi yamemshika mwaka mzima, na hajapata kutamka neno jema la kumwambia mwanawe. Kisha anamwita: *Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi*. Akikaribia, aandike Bismillahi, amtaje Mtume na masahaba. Tendi nyingi hufunguliwa na mtunzi mwenyewe kwa Bismillahi na sala kwa Mtume. Mwana Kupona ameigeuza desturi hiyo ikawa agizo kwa binti mwenye kalamu mkononi. Kwa beti nne tu tumeingia chumbani: mama mgonjwa, msichana aliyekaa chini, kidau cha wino, karatasi. Ni mwanzo wa ufundi mkubwa.

Siku ya pili: Shela

Kutoka mjini Lamu hadi Shela ni kama dakika 40 kwa miguu kando ya maji. Maji yakijaa sana, njia ya ufukweni hufunikwa, na itabidi kupita ndani au kupanda boti.

Hapa ndipo jeshi la Pate na la Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, lilipovunjwa na watu wa Lamu, takriban mwaka 1812. Simulizi za Lamu zinasema vyombo vya wavamizi vilikuwa vimekauka mchangani maji yalipotoka, hivyo waliorudi mbio hawakupata pa kukimbilia. Baada ya ushindi huo Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na mizani ya nguvu pwani nzima ikageuka.

Vita hivyo vilipiganwa kwa mashairi pia. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga kwa pamoja, na upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji. Shairi lilitumwa kwa chombo, likasomwa mbele za watu, na jibu likarudi kwa vina vilevile. Aliyeshindwa kujibu aliaibika mbele ya mji mzima. Ndiyo fasihi iliyokuwa ikisikika Mwana Kupona alipokuwa akikua: tungo za hadharani za wanaume wanaotajana majina, wakitishana na kukejeliana. Yeye alipokuja kutunga, hakumjibu malenga yeyote. Alichukua utendi, bahari (yaani aina ya utungo) ya visa virefu na mawaidha, akaupeleka ndani ya nyumba.

Siku ya tatu: kwenda Pate

Boti za abiria za Pate, Siyu na Faza huondoka gati la Lamu kufuatana na maji. Ulizeni jioni ya siku iliyotangulia, na mwulizeni nahodha mwenyewe, kwa kuwa wapiga debe hutaja saa inayowafaa wao. Hadi Mtangawanda ni kama saa mbili. Chukueni maji ya kunywa ya siku mbili, kofia, na viatu visivyoharibika kwa tope. Mtangawanda pana kina cha kutosha kwa boti, ndiyo sababu watu hushukia huko badala ya mbele ya mji wa Pate wenyewe, ambako maji yakitoka hubaki tope na mikoko.

Kutoka gatini hadi mjini ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Siku hizi pikipiki zipo, lakini si kila boti inapofika. Mgeni akifika, adabu na usalama vyote vinataka ajitambulishe kwa chifu au wazee kabla ya kuanza kuzunguka na kamera. Wanawake hawapigwi picha bila idhini yao.

Siku ya nne: magofu ya Pate

Magofu yameenea kusini na magharibi ya mji wa leo, na ndani yake wakulima wanalima tumbaku. Tafadhali piteni kwenye vijia vilivyopo. Kuta za mawe ya matumbawe zilizobaki ni dhaifu, chokaa imeliwa na mvua, na anayepanda ukutani anaangusha kipande ambacho hakitarudishwa. Asubuhi mapema ndio wakati mzuri, kabla jua halijawa kali na wakati kivuli bado kinaonyesha nakshi za plasta.

Tafuteni ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vilivyojengwa kwa safu ili kuwekewa vyombo vya kaure. Ukiziona, *Al-Inkishafi*, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inasomeka upya. Aliitunga mwanzoni mwa karne ya 19, akieleza jinsi ndani ya zidaka zilizowekwa sahani sasa wanalala makinda ya ndege. Wasomaji wa mbali huichukulia picha hiyo kuwa ya fikra tupu. Hapa utaona ni maelezo sahihi ya fundi: upana wa kidaka unatosha sahani moja, na unatosha tundu moja la ndege.

Mwana Kupona alizaliwa katika mji uliokuwa umeshaanguka hivyo. Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, walikuwa bado wanatawala kwa jina, biashara ilikuwa imehamia kwingine, na koo zilikuwa zinagombania kiti. Katika Pate hiyohiyo aliishi pia Abu Bakari bin Mwengo, aliyetunga *Utendi wa Katirifu*, kisa cha mapigano ya zama za Mtume. Usomwe pamoja na wa Mwana Kupona, siku moja, kwa sauti. Bahari ni ileile, mizani ileile, lakini wa Mwengo unataka pumzi ya kasi na hadhira kubwa, na wa Mwana Kupona unaharibika ukipaziwa sauti.

Siku ya tano: Pate hadi Siyu

Kilomita 8 hivi, mwendo wa saa mbili kwa anayetembea bila mzigo mkubwa. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njia hugawanyika mara nyingi kuelekea mashambani, na aliye mgeni hupotea, basi mchukueni kijana wa Pate awaongoze na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Kuna njia ya boti pia, lakini mkono wa bahari unaoingia Siyu umezungukwa na mikoko na hukauka. Boti ikikwama katikati, hakuna pa kushuka isipokuwa kwenye tope la magotini, na kusubiri kunaweza kuchukua saa sita.

Siku ya sita: Siyu

Siku hii isifupishwe. Siyu ndipo alipotawala mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka wa ukoo wa Famau. Miaka ya 1840 Seyyid Said alituma majeshi kuuvunja mji huu na yakashindwa, na amiri wake mashuhuri, Hamad al-Samar, akauawa huku. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Siyu haikuanguka hadi 1863, chini ya Sultani Majid wa Zanzibar. Utendi unatoka katikati ya tarehe hizo mbili: mtunzi ni mjane wa miaka miwili, mgonjwa wa mwaka mmoja, katika nchi inayongoja vita vingine. Vita hivyo hakuvigusa hata kwa neno moja.

Ngome iko ng'ambo ya mkono wa bahari, mji uko upande wa pili. Wanahistoria hawakubaliani kama aliyeijenga ni Bwana Mataka au ni watu wa Sultani, na mzunguko wa ngome hautoi jibu la mkato. Inachoonyesha vizuri ni namna inavyoutegemea mkono wa bahari kwa ulinzi, kwa kuwa adui anayekuja kwa maji ana saa chache tu za kufika na kuondoka.

Siyu ilikuwa pia mji wa makatibu. Misahafu iliyonakiliwa huku karne ya 18 na ya 19 imepambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na baadhi yake sasa iko kwenye makumbusho ya nje. Qadhi wa Siyu wa zama hizo, Sayyid Umar bin Amin al-Ahdal, alitunga *Dura Mandhuma*, tungo inayofuata mpangilio wa herufi za Kiarabu, beti baada ya beti. Kwa hiyo Mwana Kupona anapotaja wino na karatasi, si mapambo ya maneno. Aliishi katika mji ambao vitu hivyo vilikuwa vya kazi ya kila siku, na binti yake alijua kuandika.

Binti huyo ni Mwana Hashima binti Sheikh, aliyezaliwa mwaka 1841. Alikuwa na umri wa miaka 17 hivi alipoandikiwa wasia huu. Tarehe imetiwa mwishoni mwa utendi kwa maneno ya Kiarabu: mwaka 1275 Hijria. Mwaka huo ulianza Agosti 1858 na kuishia katikati ya 1859, kwa hiyo anayeandika 1858 peke yake anachukua nusu tu ya nafasi iliyopo. Mama alifariki takriban 1860.

Baada ya adhuhuri, kaeni kivulini msome utendi wote. Ni beti 100 na ushei, idadi hutofautiana kwa nakala moja na nyingine. Kwa mwendo wa taratibu unaisha ndani ya saa moja. Msianzie kwenye beti za mume. Shikeni kwanza ubeti wa radhi tano: Mungu, Mtume, baba, mama, na ya tano ni ya mume. Halafu ndipo zije beti maarufu, ambazo zina mambo ya kushikika kwa mkono: kuoga, kusuka nywele, kutunga asumini na kuitia kitandani, kumpepea anapolala. Mume anafananishwa na mtoto asiyejua kunena, anayepaswa kutunzwa. Hapo wasomaji wamegawanyika kwa muda mrefu. Wako wanaouona utendi huu kuwa somo la utiifu tu, na wako wanaoona kwamba mwanamke anamfundisha mwanawe namna ya kushika usukani wa nyumba bila kuonekana ameushika. Ubeti wa mtoto asiyejua kunena unawapa nguvu hawa wa pili, kwa kuwa anayetunza mtoto ndiye anayeamua.

Kuna beti nyingine ambazo hazinukuliwi sana harusini. Anamkataza Hashima asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa huduma. Hiyo ndiyo sauti ya mwanamke wa kiungwana katika jamii ya utumwa. Nakala za mafunzo zinazoiruka beti hiyo zinamficha mtunzi, na zinawaficha pia wanawake waliofagia chumba alichotungia.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha kusoma mawaidha yanapokwisha. Sehemu kubwa ya nusu ya pili ni dua, kwa watoto wake, ndugu zake, jamaa na Waislamu, na kwa nafsi yake iliyo kwenye maradhi. Lugha inabadilika: amri zinapungua, maombi yanarundikana, kina cha bahari kinabaki kilekile. Kisha anawageukia wanawake wote na kuwaambia wasome: *Somani nyute huramu, maana muyafahamu*. Ameanza na msikilizaji mmoja na kumaliza na hadhira ya wanawake wote. Kwa maoni yetu, upana huo ndio ufundi mkubwa wa utendi huu, na anayesoma beti za mume peke yake haufikii.

Siku ya saba: Faza na kurudi Lamu

Faza ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Siyu. Hupitiwa kwa ajili ya boti ya kurudi zaidi ya kitu kingine. Boti hutoka mapema sana, mara nyingine gizani, hivyo ulizeni usiku.

Lamu mchana huo ni wa miswada. Msikiti wa Riyadha una mkusanyiko wa miswada ambao umepigwa picha za kidijitali, na picha hizo husomeka kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa hifadhi zilizo hatarini. Kuona karatasi zenyewe kunataka ruhusa iliyoombwa mapema. Anayeruhusiwa aje na mikono mikavu isiyo na mafuta, aje na penseli, kalamu ya wino ibaki nje.

Nani alinakili utendi? Jina linalorudi kila mara ni la Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, mchonga milango, mwanamuziki, malenga na katibu, aliyefariki mwaka 1945. Wazungu waliokusanya tungo za Kiswahili, akiwamo Hichens, walimtegemea yeye. Kazi zake ziko Ujerumani na katika chuo cha SOAS huko London.

Anayejaribu kusoma hati hizo, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akumbuke shida yake. Kwa mtindo wa zamani, herufi moja, *ba*, ilisimama mahali pa b, p, mb, na hata bw na pw. *Fa* ilibeba f na v. *Shin* iliweza kuwa sh au ch. Irabu e na i hazikutofautishwa, wala o na u. Msomaji alitegemea kumbukumbu ya utendi alioshaisikia, na karatasi ilimsaidia tu kukumbuka. Ndiyo maana nakala mbili za mkono mwaminifu zinaweza kutoa neno tofauti katika chapa, na hakuna aliyekosea kunakili. Njia ya kuamua ni hii: hesabu mizani, angalia kina, kisha usome neno kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Kiswahili sanifu kikiingizwa mapema, *mbee* inageuka *mbele* na kina kinaweza kuvunjika.

Mwana Hashima aliishi hadi 1933. Chapa ya Werner na Hichens ilitoka mwaka uliofuata.

Siku ya nane: Mombasa

Muyaka bin Haji anasomwa vizuri zaidi akiwa na Fort Jesus mbele ya macho, kwa sababu mengi ya mashairi yake ya kisiasa yanahusu nani anaishikilia. Wamazrui waliishika hadi 1837, ilipoingia mikononi mwa Seyyid Said. Muyaka alifariki miaka mitatu hivi baadaye. Ubeti wa shairi lake una mishororo minne, kila mmoja mizani 16, ukwapi (nusu ya kwanza) 8 na utao (nusu ya pili) 8, kina cha kati na cha mwisho. Aliyetoka kwenye utendi wa Mwana Kupona ataona mara moja tofauti: kwa Muyaka kila ubeti unajitegemea na unaweza kutupwa sokoni kama ulivyo, ilhali ubeti wa utendi unaegemea ule unaofuata.

Mashairi yake yangepotea kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Yeye aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Muyaka alihitaji watu wengine wa kumkusanyia miongo kadhaa baada ya kufa kwake. Mwana Kupona alikuwa na binti aliyeketi mbele yake na karatasi.

Mombasa pana watu wengine wa kuulizwa. Wabarawa, watu wa mji wa Barawa kwenye pwani ya Somalia, wengi waliokimbia vita vya huko mwaka 1991 walifikia hapa, na miongoni mwao tungo za malenga wao Dada Masiti bado zinasomwa kwa Chimiini, lugha ndugu ya Kiswahili inayosemwa Barawa. Jina lake ni Mana Sitti Habib Jamaladdin. Aliishi hadi 1919, akiwa mzee sana, na aliishi zama moja na Sheikh Uways al-Barawi wa tarika ya Qadiriyya. Utenzi wake mashuhuri, unaosema kuwa baada ya uhai ni mauti, aliutunga kwa ajili ya Sheikh Nureni Sabiri, aliyefariki mwaka 1909. Kwa anayetaka kuusikia, aulize kwa wazee wa Kibarawa baada ya sala ya alasiri, aende na mwenyeji anayefahamika, na asiwashe kinasa sauti hadi aruhusiwe.